Yuda Mwingine

Mtu wa Arusha akisikia St. Jude, haulizi ni nani. Ni ile shule ya Moshono iliyofunguliwa mwaka 2002 ikiwa na wanafunzi 3 na mwalimu mmoja, inayosomesha bure watoto wa familia maskini. Mkatoliki wa Nairobi au Dar es Salaam yeye atakumbuka novena: Yuda Tadei, msimamizi wa mambo yaliyoshindikana, anayekimbiliwa kesi ikigoma, ugonjwa ukikataa dawa, au ada ikikosekana siku mbili kabla shule haijafunguliwa.

California, mwanzoni mwa miaka ya 1990, jina hilohilo lilikuwa la mtu aliye hai. St. Jude aliandika programu za kompyuta, alikuwa mhariri wa jarida la Mondo 2000 lililochapishwa Berkeley, alikuwa na safu yake humo, na aliwahi kuwekwa ndani Alabama na Mississippi. Miaka karibu 20 kabla ya hapo alikuwa mmoja wa watu 5 walioanzisha ubao wa kwanza wa matangazo wa kompyuta uliowekwa hadharani, ili yeyote apitaye aandike na asome. Huo ulikuwa mwaka 1973. Kompyuta wakati huo ilikuwa mali ya mabenki, majeshi na vyuo vikuu, na raia wa kawaida alikutana nayo kwenye bili ya umeme tu.

Kiswahili kinaruhusu kusimulia yote hayo bila kugusa jambo moja ambalo Kiingereza kingelazimika kulisema kwenye kiwakilishi cha kwanza. St. Jude alikuwa mwanamke.

Alizaliwa Washington, D.C., tarehe 12 Machi 1939, akaitwa Judith Milhon, akakulia Anderson katika jimbo la Indiana. Judith ndiye Yudithi wa Biblia, mjane wa Bethulia aliyejipamba akaingia kambi ya adui, akasubiri jemadari Holoferne azidiwe na divai, akamkata kichwa kwa upanga wa jemadari mwenyewe, kisha kikabebwa hadi kwao ndani ya mfuko wa chakula. Kitabu chake kimo katika Biblia ya Kikatoliki; Waprotestanti hawanacho. Baadaye jina Judith likakatwa, likabaki Jude, ambalo kwa wasemaji wa Kiingereza ni jina la kiume. Lakini ukilifuata hadi Kiebrania utakuta halikupungukiwa kitu. Yehudit ni jina la kike litokanalo na Yehuda, na katika shina hilo moja wamechipuka Yudithi, Yuda, Yudea na Myahudi. Kisu kilichokata jina lake kililirudisha shinani.

Utakatifu ndio unaohitaji maelezo zaidi, maana kwa sikio la Kiswahili kujiita Yuda ni kujitafutia balaa. Yuda kwetu ni rafiki aliyekuuza, ni mwanachama aliyehamia upande wa pili usiku wa kuamkia uchaguzi. Kiingereza kilikwepa mtego huo kwa tahajia. Msaliti akaachwa na jina la Judas, mtume mwenzake akapewa Jude, ingawa katika Kigiriki cha Injili wote wawili jina lao ni moja. Biblia zetu hazikuwatenganisha hivyo, ndiyo maana Mkristo wa kwetu huongeza Tadei haraka kabla hajaeleweka vibaya. Waumini husimulia kwamba kwa karne nyingi watu waliogopa kumwomba mtume huyu, wasije wakawa wanamwita yule mwingine. Akawa mtakatifu asiye na foleni, mwenye nafasi ya kusikiliza yale ambayo wengine wote wameshindwa kuyatatua.

Marekani ibada yake ilishika mizizi mwaka 1929 kusini mwa Chicago, katika parokia ya wahamiaji wa Meksiko waliofanya kazi viwanda vya chuma. Oktoba ya mwaka huohuo soko la hisa la New York lilianguka, na watu wenye mambo yaliyoshindikana wakawa mamilioni. Baadaye mchekeshaji Danny Thomas alilieneza jina hilo zaidi kwa kufungua hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis mwaka 1962, kutimiza nadhiri aliyoiweka siku alizokuwa hana kitu. Danny Thomas naye hakuzaliwa Danny Thomas. Kwa wazazi wake, wahamiaji kutoka Lebanon, alikuwa Amos. Aliporudi kuchekesha kwenye vilabu vya usiku hakutaka ndugu na marafiki wajue, akachukua jina la mdogo wake na jina la kaka yake mkubwa, akayaunga pamoja.

Kuna desturi nyingine iliyofuata, na katika kisa hiki ina uzito. Walioitikiwa maombi yao walilipia matangazo madogo magazetini kumshukuru St. Jude, na wengi hawakuweka majina yao, waliweka herufi za mwanzo tu. Karibu na tangazo la gari linalouzwa na chumba kinachopangishwa, Mmarekani alizoea kukuta mistari miwili ya mtu asiyejulikana akimshukuru mtakatifu kwa jambo lisilotajwa. Hilo ndilo jina ambalo Judith Milhon alichapishwa nalo.

Rumande haiingiwi kwa lakabu. Machi 1965 watu wenye madai ya haki ya kupiga kura walitembea kutoka Selma hadi Montgomery, Alabama, mwendo wa kilomita 87, baada ya wenzao kupigwa virungu na kufukizwa moshi wa machozi kwenye daraja la Selma. Milhon, mwanamke mzungu aliyetimiza miaka 26 mwezi huo, alisaidia kuyaandaa maandamano hayo. Montgomery alifungwa kwa kosa la kuingia mahali bila ruhusa, na Jackson, Mississippi, alifungwa tena kwa kukaidi amri.

Kule Kusini orodha ya majina ilikuwa silaha, na jambo hili lastahili kuelezwa kwa kituo. Mwaka 1956 serikali ya Alabama ilikitaka chama cha NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, kikabidhi majina na anwani za wanachama wake wote katika jimbo hilo. Kila mtu alijua majina hayo yangefanya kazi gani. Mwalimu angeachishwa kazi, mkulima angedaiwa mkopo wake wote kwa siku moja, na nyumba ingeweza kutupiwa bomu usiku. Chama kilikataa. Mahakama ya jimbo ikakipiga faini ya dola 100,000. Tarehe 30 Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba Alabama haina haki ya kudai orodha ile, kwa kuwa uhuru wa watu kukutana na kusema unakufa pale wanapolazimishwa kujianika. Jirani yake Mississippi haikuomba ruhusa ya mahakama. Ilikuwa na tume yake ya upelelezi tangu mwaka 1956, ikikusanya majina ya kila aliyeonekana kwenye mkutano, hata namba za magari yaliyoegeshwa nje. Mafaili yalipofunguliwa kwa umma mwaka 1998, yalikutwa yametaja majina yapatayo 87,000.

Milhon alipita katika nchi hiyo kabla hajagusa kompyuta. Kuandika programu alijifunza mwenyewe mwaka 1967, kwa kitabu cha kujifundisha Fortran. Kazi yake ya kwanza ilikuwa New York, katika kampuni ya Horn & Hardart, wenye ile migahawa ya ajabu ambako mteja alitumbukiza sarafu, akafungua kidirisha cha kioo, akajichukulia kipande chake cha keki bila kuonana na mhudumu. Kisha alihamia California, akafanya kazi Berkeley Computer Corporation, kampuni iliyotokana na mradi wa chuo kikuu wa kuiwezesha kompyuta moja kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Kampuni haikudumu. Watu wake walitawanyika mjini wakiwa na ujuzi mwingi na mashine hawana.

Mashine ilipatikana mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1970, Marekani ilipovamia Kambodia, wanafunzi wachache wa sayansi ya kompyuta waliacha chuo cha Berkeley kwa hasira. Mmoja wao, Pam Hardt, alihangaika hadi akaishawishi kampuni ya Transamerica iwape kompyuta kubwa aina ya SDS 940 iliyokuwa haina kazi. Waliisimika San Francisco, ndani ya kiwanda kikuukuu cha peremende kilichogeuzwa makazi na karakana za mafundi, wasanii na wanaharakati, wakauita mradi wao Resource One. Ndoto yao ilikuwa kuziunganisha ofisi zote za kujitolea za mji ule ili zipashane habari. Ndoto haikwenda. Ofisi zenyewe zilikuwa na simu, na hazikuona sababu ya kuhangaika na kompyuta.

Hapo ndipo watano walipojitenga na wazo jipya: mashine isiwahudumie maofisa, ihudumie wapita njia. Mmoja alikuwa Lee Felsenstein, mhandisi aliyeshiriki vuguvugu la uhuru wa kusema la wanafunzi wa Berkeley mwaka 1964. Felsenstein aliwahi kuweka tangazo dogo katika gazeti la Berkeley Barb akitafuta watu wa kuzungumza nao, na Jude alilijibu. Kwa kupitia Jude alifahamiana na Efrem Lipkin, mwandishi hodari wa programu aliyechoshwa na matumizi ya kijeshi ya kompyuta. Wengine wawili walikuwa Mark Szpakowski na Ken Colstad. Mradi wakauita Community Memory, yaani kumbukumbu ya jamii.

Inafurahisha kwamba hata urafiki wao ulianzia kwenye tangazo dogo la gazeti.

Tarehe 8 Agosti 1973 walipandisha mashine ya teletaipu kwenye ngazi za duka la sahani za muziki la Leopold's, duka lililoendeshwa na wanafunzi mjini Berkeley. Waliiweka ghorofani, kando ya ubao wa matangazo wa kawaida, ule wa pini na karatasi, ambao wanamuziki waliutumia kutafutana. Teletaipu ile, Model 33, ilichapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi ndefu, na ilipiga kelele kama cherehani mbovu. Felsenstein alitengeneza kasha la kadibodi lenye sponji ndani, akaliwekea plastiki angavu juu ili karatasi ionekane, na matundu mawili mbele ya kupitishia mikono. Kwa hiyo mtumiaji wa kwanza wa kitu ambacho leo tungekiita mtandao wa kijamii alikuwa amesimama juu ya ngazi za duka, mikono yake imezama ndani ya boksi. Waya wa simu ulivuka ghuba hadi kwenye ile kompyuta ya San Francisco.

Pembeni alikaa mhudumu wa kuwaelekeza watu. Amri za msingi zilikuwa mbili, kuongeza na kutafuta. Uliandika ujumbe wako, ukaupa maneno machache ya kuutambulisha, na mtu mwingine aliyeandika neno mojawapo aliupata. Hapakuwa na mkuu wa kuamua maneno yepi yanafaa. Waanzilishi walitarajia watu wangetafuta vyumba, kazi na usafiri, na hao kweli walikuja. Walikuja pia wanamuziki, wakauacha ule ubao wa pini. Walikuja wacheza sataranji, washairi, watu wa kugombana kuhusu siasa. Mmoja aliuliza ni wapi mtu anaweza kupata bagel nzuri, ule mkate wa Kiyahudi wa duara wenye tundu katikati. Alipata majibu ya kutajiwa maduka. Kisha likaja jibu lenye namba ya simu: piga hapo, utampata mwokaji wa zamani wa mikate hiyo, atakufundisha kuioka mwenyewe.

Mashine haikuuliza jina. Hapakuwa na kujisajili, wala neno la siri, wala herufi za kuthibitisha kwamba wewe ndiye. Ukitaka, uliandika jina lako na namba ya simu; usipotaka, uliandika ujumbe tu. Na haukupita muda mrefu mtu akaitambua nafasi hiyo. Akaanza kuweka jumbe za ajabuajabu, nusu ushairi nusu kebehi, zenye vipande vya methali na maonyo ya kisiasa, na akazitia sahihi ya Benway. Benway ni daktari mwovu katika riwaya ya *Naked Lunch* ya William Burroughs, iliyotoka mwaka 1959. Wapita njia walianza kumtafuta kwa jina hilo, wakamjibu, na wengine wakaanza kuandika kama yeye. Ndani ya boksi la kadibodi akawa amezaliwa mtu asiye na mwili, mwenye tabia, mwenye sauti, mwenye wafuasi. Historia ya majina ya kujipa mtandaoni inaanzia hapo, au karibu na hapo.

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hawezi kushangazwa na Benway. Kabla ya Berkeley kuwa na teletaipu, kurasa za mashairi za magazeti yetu zilikuwa zimejaa watu wa namna hiyo. Mshairi asiyeona, Amiri Sudi Andanenga, aliandika kama Sauti ya Kiza. Akilimali alijulikana nchi nzima kama Snow-White. Walioulizana mafumbo, waliojibizana kwa malumbano ya miezi kadhaa, mara nyingi walijuana kwa lakabu na sanduku la posta tu, na hakuna aliyeona ndani yake udanganyifu. Lakabu ilikuwa sehemu ya utunzi. Iliwekwa kwenye ubeti wa mwisho na ilibeba kile ambacho mtunzi alitaka kusikika nacho. Jina la Sauti ya Kiza halimfichi Andanenga. Linamtangulia mlangoni.

Na ndivyo inavyofaa kulisoma jina St. Jude. Yeyote wa California aliyetaka kujua ni nani aliyeandika kwa jina lile, alijua. Jina halikuwa pazia. Lilikuwa tangazo la upande aliosimama, la mwanamke aliyebeba jina la mtume wa kiume katika fani iliyokwisha kuamini kwamba kompyuta ni ya wanaume, na la mtu aliyewekwa ndani kwa ajili ya jambo ambalo magazeti ya Alabama yaliliona limeshindikana.

Community Memory ya kwanza ilizimwa Januari 1975. SDS 940 ilikuwa mashine ya kula fedha, na jumbe za wapita njia hazikuingiza kitu. Katika miaka ya 1980 mradi ulifufuliwa Berkeley kwa vituo vyenye skrini, kimojawapo katika kituo cha utamaduni cha La Peña, na safari hii kulikuwa na tundu la sarafu. Kusoma ilikuwa bure, kuchangia maoni senti 25, kuanzisha mjadala mpya dola moja. Huo nao ukafungwa mwaka 1992. Felsenstein kwa upande wake alikuwa ameshabuni Osborne 1 ya mwaka 1981, kompyuta ya kwanza ya kubebeka iliyouzwa kwa wingi. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kwa hiyo kubebeka kwenyewe kulihitaji mabega.

Milhon aliendelea na programu, akashiriki kazi ya BSD, mfumo wa Berkeley ambao vizazi vyake vimo hadi leo ndani ya simu na kompyuta za Apple. Lakini kalamu ndiyo iliyomfanya ajulikane. Mondo 2000 lilikuwa jarida la rangi kali, la watu walioamini kwamba kompyuta itamgeuza binadamu, na ofisi yake ilikuwa kijiji cha lakabu. Mhariri mwenzake Ken Goffman alijiita R. U. Sirius, jina ambalo likitamkwa kwa Kiingereza huwa swali: unasema kweli? Jude alishirikiana naye kuandika vitabu, kimoja mwaka 1995 na kingine mwaka 1996. Katika safu yake aliwasukuma wanawake waingie mtandaoni bila kungoja kukaribishwa. Aliwaambia wasichana wanahitaji modemu. Aliona kwamba maneno ya matusi wanayotupiwa huko hayatoi damu, na kwamba mtu mdogo wa mwili, aliyezoea kukatizwa kila akifungua mdomo, anaweza kujibu pale kwa ukali sawa na mwenye misuli. Hoja hiyo inaweza kupingwa leo, baada ya yote ambayo wanawake wametendewa mitandaoni. Wakati ule mtandao ulikuwa bado ni mlango mpya, naye aliusukuma kwa nguvu zote.

Neno la watu wake, ambao Kiswahili kimewaita wadukuzi, yeye alilifasiri kwa upana. Kudukua kwake kulikuwa ni kuuzunguka kwa akili mpaka uliowekewa, uwe umewekwa na serikali, na kampuni ya mtandao, na tabia yako mwenyewe, au na sheria za maumbile.

Mwaka 1992 kikundi kidogo kilianza kukutana katika eneo la San Francisco. Wahusika wakuu walikuwa Eric Hughes, Timothy May na John Gilmore, wanahisabati na wahandisi waliokuwa na hofu moja: kwamba mawasiliano yote ya binadamu yanahamia kwenye waya, na kwenye waya kila kitu kinaandikwa, nani kamwambia nani, saa ngapi, kutoka wapi. Orodha ya Mississippi, iliyohitaji majasusi wa kukaa ndani ya magari nje ya makanisa, sasa ingeweza kujiandika yenyewe. Dawa waliyoiamini ilikuwa hisabati ya maandishi ya siri, wakati huo ikitazamwa na sheria za Marekani kama silaha isiyoruhusiwa kusafirishwa nje bila kibali.

Jude alikuwepo kwenye mikutano ya mwanzo, akawatazama, akawatania kwa neno alilolibuni palepale: cypherpunks. Kulikuwa tayari na aina ya hadithi za kubuni iliyoitwa cyberpunk, za walala hoi wenye kompyuta. Yeye alibadilisha silabi moja tu. Sehemu ya pili ni panki, neno ambalo vinyozi wa kwetu wanalijua vizuri. Ya kwanza ni ndugu yetu kabisa. Cipher ya Kiingereza, maandishi ya siri, ilitoka kwa Waarabu, kwenye sifr, tupu, isiyo na kitu. Na kutoka sifr hiyohiyo Waswahili walipata sifuri. Kwa hiyo jina alilowapa lina sifuri ndani yake, ile alama inayosimama mahali pasipo na kitu ili hesabu iwezekane.

Utani ukashika. Kikundi kikajiita hivyo, na mwezi Machi 1993 Hughes akaandika ilani yake fupi ya kudai haki ya mtu kuchagua mwenyewe lini ajioneshe kwa dunia. Kutoka kwa watu hao na wenzao zilitoka njia za kupeleka barua pepe bila jina la mtumaji, na mabishano ya muda mrefu na serikali kuhusu nani aruhusiwe kufunga maneno yake kwa ufunguo. Mwaka 2008 mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alitoa andiko la kurasa 9 kuhusu fedha za kidijitali, chini ya jina ambalo hakuna aliyewahi kulivua. Mwaka 2016 WhatsApp ikafunga kwa usimbaji fiche jumbe zote za watumiaji wake, kuanzia kwa mama wa kikoba hadi kwa waziri.

Milhon hakuyaona hayo. Saratani ilimchukua tarehe 19 Julai 2003, akiwa na miaka 64. Novemba 2006 kamusi ya Oxford ikaliingiza neno lake.

Mwaka huohuo wa 2006, Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha Tanzania ukumbi wa mijadala ambao baadaye uliitwa JamiiForums. Watu wengi walioandika humo walijipa majina, kwa namna ileile ya washairi wa magazeti, na chini ya majina hayo wakaanika nyaraka na tuhuma za ufisadi ambazo wasingethubutu kuzitia sahihi. Polisi walitaka kujua ni akina nani. Waliandika barua kwa kutumia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wakidai taarifa za watumiaji. Melo hakuzitoa. Tarehe 13 Desemba 2016 alikamatwa Dar es Salaam, akashikiliwa kwa siku kadhaa, akapandishwa kizimbani Kisutu kwa shtaka la kuzuia upelelezi. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa ileile ya Alabama ya mwaka 1956: leteni orodha.

Kesi ziliendelea kwa miaka, kutajwa na kuahirishwa, kutajwa na kuahirishwa, mshtakiwa akifika mahakamani kwa jina lake kamili la kuzaliwa. Mwaka 2019 Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, CPJ, ilimpa Melo tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa habari, naye akaenda New York kuipokea. Wale ambao barua za polisi ziliwaulizia walibaki nyumbani, na majina yao ya kujipa.